Uenyeji wa Mbulu na Hanang

Nani mwenyeji, na nani mgeni? Katika wilaya za Mbulu na Hanang swali hili si jepesi. Humo zimekutana lugha za nasaba mbalimbali: Wairaqw husema lugha ya Kikushi, Wadatoga ya Kiniloti, Wanyaturu na Wanyiramba za Kibantu, nao Wahadzabe wa bonde la Yaeda wanayo lugha yao yenye vidoko.

Katika karne ya 19 Wairaqw wengi waliishi katika vilima vya Irqwar Da'aw, kwa kuwahofu Wamasai, ambao walikuwa wamekwisha kuwaondoa Wadatoga huko Ngorongoro. Hata hivyo, vilima hivyo havikufungwa kwa wageni. Koo kadhaa za Wairaqw husimulia kwamba mababu zao walitoka kwa Wadatoga au kwa Wabantu. Aliyepewa ardhi, akalima na jirani zake na kushika miiko ya nchi, wajukuu wake walihesabiwa Wairaqw. Twaona basi kwamba uenyeji haukuwa wa damu peke yake. Ndiyo maana ya wahenga waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini kukaribishwa ni jambo moja, na kumezwa ni jingine. Baada ya sotoka na ndui za miaka ya 1890 kuwadhoofisha Wamasai, Wairaqw walishuka wakaenea hadi Karatu na Hanang, na malisho mengi ya Wadatoga yakageuka mashamba. Tangu miaka ya 1970 mashamba ya ngano ya serikali, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, yalitwaa malisho mengine ya Wabarbaig, ambao ni Wadatoga wa Hanang. Mfugaji aliyekuwa mwenyeji akawa kama mgeni kwao.

Hata jina lina uzito. Wadatoga wameitwa "Wamang'ati", neno litokalo kwa Wamasai lenye maana ya adui. Mtoto aitwaye adui darasani atajifunza kuionea haya lugha ya mama yake.

Kiswahili kimetuunganisha, nasi twajivunia. Bali hakikuja ili slufay, sala za kishairi za Wairaqw, zinyamaze, wala nyimbo za Wadatoga zisahauliwe. Hatuna budi, walimu na wanafunzi, kuwauliza wazee habari za koo zetu na kuziandika. Wengi wetu tutakuta kwamba babu mmojawapo alifika akiwa mgeni, akapokewa.