Displasia ya umio: Hatari isiyo na dalili

SARATANI ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi zaidi nchini Kenya. Umio ni mfereji unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mgonjwa huanza kwa kushindwa kumeza ugali na nyama, kisha uji, na hatimaye hata maji. Kufikia hapo, mara nyingi uvimbe huwa umekomaa, na tiba inayobaki ni ya kumpunguzia mateso, kama vile kuwekewa mrija wa waya unaopanua umio ili chakula kipite.

Hata hivyo, ugonjwa huu hauzuki kwa siku moja. Kabla ya saratani kutokea, seli za utando wa ndani wa umio hupoteza umbo na mpangilio wake wa kawaida. Hali hiyo huitwa displasia. Haina maumivu wala haizuii kumeza, na aliye nayo huendelea na shughuli zake bila kujua.

Kiwango cha hatari

Displasia hugawanywa katika daraja tatu: hafifu, ya wastani na kali. Tofauti hiyo ilidhihirika katika utafiti uliofanywa Linxian, mkoani Henan, China. Watu waliopimwa mwaka wa 1987 walifuatiliwa kwa miaka 13 na nusu. Miongoni mwa waliokuwa na displasia hafifu, asilimia 24 walipatwa na saratani ya umio. Kwa wenye displasia ya wastani ilikuwa asilimia 50, na kwa wenye displasia kali asilimia 74. Hata miongoni mwa waliopatikana na umio wa kawaida, asilimia 8 waliugua.

Linxian ni eneo lenye visa vingi mno vya saratani hii, hivyo takwimu zake haziwezi kuchukuliwa jinsi zilivyo na kutumiwa kila mahali. Lakini zinaonyesha kwamba displasia si hukumu ya kifo, na kwamba daraja yake ndiyo huamua hatua itakayochukuliwa.

Hali Bomet

Nchini Kenya, eneo la Bonde la Ufa kusini limeathirika sana, na Hospitali ya Tenwek, Bomet, imewahi kupokea hata wagonjwa wa chini ya umri wa miaka 30. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016, wakazi 294 wa eneo hilo wasio na dalili zozote walipimwa. Waliopatikana na displasia walikuwa 42, yaani takriban mtu mmoja kati ya saba.

Upimaji na ufuatiliaji

Daktari hupitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, kisha hunyunyiza dawa ya ayodini ndani ya umio. Seli zenye afya hugeuka rangi ya kahawia, ilhali sehemu zenye kasoro hubaki zimepauka. Kipande kidogo hukatwa hapo na kuchunguzwa katika maabara.

Nchini China, mwenye displasia hafifu hushauriwa kupimwa tena baada ya miaka 3 hivi, na mwenye displasia ya wastani kila mwaka. Iliyo kali huondolewa au kuchomwa kupitia mpira huohuo, bila kupasua kifua. Huko Cixian, mkoani Hebei, mpango wa kupima na kutibu mapema ulipunguza vifo vya saratani ya umio kwa takriban theluthi moja katika miaka 10.

Hali hii isichanganywe na umio wa Barrett, unaotokana na asidi ya tumbo kupanda mara kwa mara na unaopatikana zaidi Ulaya na Marekani. Hatari yake ni ndogo: utafiti wa Denmark wa mwaka wa 2011 ulikadiria kisa kimoja cha saratani kwa mwaka katika kila wagonjwa 860.

Kinga

Tumbaku na pombe huongeza hatari. Aidha, mwaka wa 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kuwa vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Yafaa chai ipoe kidogo kabla ya kunywewa.

Aliyepatikana na displasia anapaswa kumwuliza daktari daraja yake na tarehe ya kipimo kijacho, kisha aihifadhi ripoti hiyo. Asingoje hadi chakula kikwame.