Falcom na Njia ya Kurudi kwenye Kompyuta

Habari ya makampuni madogo ya Kijapani kuleta michezo yao ya konsoli kwenye kompyuta huwa inasimuliwa kuanzia mwaka 2010 hivi, kana kwamba ni wageni waliokuja kubisha hodi kwenye nyumba wasiyoijua. Mimi ni fundi wa kompyuta, nashinda nazo mezani kuanzia asubuhi, na simulizi hiyo sikubaliani nayo. Kwa kampuni ninayoipenda kuliko zote, Nihon Falcom, kompyuta ndiko kwao. Waliondoka, wakakaa ugenini miaka kadhaa, kisha wakarudishwa na watu wachache ambao majina yao hayafahamiki inavyostahili.

Falcom ilianzishwa na Masayuki Kato mwaka 1981 huko Tachikawa, magharibi mwa Tokyo. Haikuanza na michezo. Ilianza kama duka la kuuza kompyuta za Apple. Miaka mitatu baadaye Yoshio Kiya alitengeneza Dragon Slayer, na mwaka 1985 akatoa Xanadu, mchezo uliouza nakala zaidi ya 400,000. Idadi hiyo itazame kwa macho ya wakati ule. Nintendo walikuwa wameshatoa konsoli yao ya Famicom tangu Julai 1983, watoto wa Japani wameshaipenda, na bado walikuwepo watu laki nne wa kununua mchezo wa kompyuta wa kampuni ndogo ya pembeni mwa mji.

Kilichowafanya wasijulikane nje ni maandishi yao wenyewe. Kanji ina herufi maelfu, na kila herufi inahitaji nukta nyingi kwenye kioo ndipo isomeke. Kompyuta za Marekani za wakati ule hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kampuni ya Kijapani ya NEC ikajitengenezea za kwake: PC-8801 mwaka 1981, na mwaka uliofuata PC-9801, iliyochora nukta 640 kwa 400. Mashine hizi zilitawala soko la Japani kwa miaka mingi, lakini programu zake hazikuwaka kwenye kompyuta ya mtu wa London au Chicago. Kwa hiyo Falcom, kampuni ya kompyuta kwa damu, ilifika nje kwa kupitia konsoli. Ys, mchezo wao wa mwaka 1987 wenye muziki wa Yuzo Koshiro, ulizaliwa kwenye PC-8801. Mmarekani alikutana nao kwenye Sega Master System, kisha kwenye konsoli ya NEC yenye CD, ambako kampuni ya Hudson iliunganisha sehemu ya kwanza na ya pili. Wengi wakakua wakiamini kwamba Ys ni mtoto wa konsoli.

Ukuta ule ulianza kubomoka mwaka 1990, IBM Japan walipotoa DOS/V, mfumo ulioweza kuonyesha kanji kwa programu tupu bila kifaa maalumu ndani ya mashine. Windows 95 ikaumalizia. Tangu hapo kompyuta ya Mjapani na ya kwetu zikawa kitu kimoja, na Falcom wakahamia Windows kwa moyo wote. Makoto Shinkai, ambaye leo dunia inamjua kwa filamu zake za katuni, alikuwa mwajiriwa wao miaka hiyo, akitengeneza video za kufungulia michezo yao. Mwaka 2003 ilitoka Ys VI, mwaka 2004 Sora no Kiseki, mwaka 2005 Ys: The Oath in Felghana, mwaka 2006 Ys Origin. Zote za Windows, zote kwa Kijapani.

Soko lenyewe lakini lilikuwa linakauka. Wajapani waliokuwa wakinunua michezo ya kompyuta walizidi kupungua, na Sora no Kiseki ilipohamishiwa konsoli ya mkononi ya PSP mwaka 2006, kampuni iliona wapi kuna wanunuzi. Toshihiro Kondo, aliyeingia Falcom mwaka 1998 akiwa mpenzi wa michezo yao tangu zamani, akawa rais wa kampuni mwaka 2007. Mwaka 2008 walitoa Zwei II, mchezo wao wa mwisho uliozaliwa kwa ajili ya kompyuta pekee. Mwaka 2009 Ys Seven ilitoka kwenye PSP. Hapo ndipo walipofunga virago.

Huku nje, mlango ulikuwa unafunguliwa na watu wengine kabisa. Vijana wawili wa Marekani, Andrew Dice na Robin Light-Williams, walifungua kampuni waliyoiita Carpe Fulgur ili wafasiri michezo inayotengenezwa na vikundi vidogo vya Kijapani. Wa kwanza ulikuwa Recettear, habari ya binti aliyeachiwa deni na baba yake akalazimika kugeuza nyumba yao kuwa duka la kuuzia mashujaa silaha na dawa. Ulitoka kwenye duka la Steam Septemba 2010, na mwaka mpya ulipoingia ulikuwa umevuka nakala laki moja. Wenye michezo ya Kijapani waliojiambia kwamba mtu wa kompyuta hataki vitu vyao walipata jibu lililo wazi.

Mwaka huo huo XSEED, kampuni ndogo ya California iliyoanzishwa mwaka 2004, ilitangaza kwamba imepata haki ya kuitoa michezo ya Falcom ya PSP kwa Kiingereza. Sora no Kiseki ikapewa jina Trails in the Sky, ikatoka Machi 2011. Hesabu ikakataa mara moja. PSP ilikuwa imeshachoka Marekani, na sehemu ya pili ya hadithi ile ni kubwa mno: kwenye PSP ilijaza diski mbili. Kulipia tafsiri ya kazi kama hiyo kwa ajili ya kifaa kinachokufa ni kutafuta hasara.

Suluhisho lilikuwa ndani ya makabati ya Falcom wenyewe, kwenye zile programu za Windows za zamani. Machi 2012 XSEED walijaribu kwa Felghana kwenye Steam, kisha Ys Origin. Maneno ya Kiingereza yalitoka kwenye tafsiri ya mpenzi wa michezo hiyo, aliyekuwa ameifanya kwa mapenzi yake. XSEED waliinunua kazi yake, wakaihariri, wakaitoa rasmi. Mwaka 2013 wakatangaza kwamba sehemu ya pili ya Trails in the Sky itafasiriwa, na kwamba soko la kompyuta ndilo litakaloibeba gharama. Ya kwanza ilitua Steam tarehe 29 Julai 2014, na ya pili Oktoba 2015. Tafsiri ya sehemu hiyo ya pili, iliyokuwa mikononi mwa Carpe Fulgur, ilichelewa sana. Maneno yalikuwa mengi kuliko nguvu za watu wachache, na XSEED wakalazimika kuikamilisha wenyewe. Mpaka leo nikiicheza, nikisikia mzee wa kijijini asiye na kazi yoyote kwenye hadithi akieleza habari za ng'ombe zake na kila baada ya tukio ana neno jipya la kusema, nawaza juu ya mtu aliyekaa usiku akiyaandika hayo yote kwa Kiingereza.

Fungua folda ya sehemu ya kwanza ya Trails in the Sky uone. Utakuta faili mbili za kuwashia: ed6_win.exe, na nyingine yenye jina hilo hilo na DX9 mwishoni. Herufi "ed" ni za Eiyū Densetsu, jina la mfululizo mzima, na 6 ni kwamba huu ndio wa sita. Hakuna aliyebadilisha jina lile wakati wa kuuleta Marekani, kwa sababu ndani yake ni programu ile ile ya mwaka 2004, iliyoongezewa Kiingereza, vioo vipana vya siku hizi na pedi. Faili ya kwanza inatumia njia ya uchoraji ya DirectX 8, ya pili DirectX 9, ili mashine kuukuu na mashine mpya zote zipate pa kuingilia. Nimeuwasha kwenye laptopu za mtumba zilizotoka maofisini, zisizo na kadi ya michoro, ukaenda bila kukwama. Huku kwetu, ambako konsoli mpya ni mzigo kwa familia na bei za Steam zinaandikwa kwa dola, jambo hilo lina uzito wake.

Kuhamisha mchezo ambao haujawahi kukaa kwenye kompyuta ni kazi ya namna nyingine. Mfano ulio mkubwa kuliko yote haukutoka kwa kampuni ndogo, ila bila huo mengine hayaeleweki. Januari 2012 wapenzi wa Dark Souls walikusanya saini zaidi ya 90,000 wakiomba mchezo huo uje kwenye kompyuta. Ukaja Agosti mwaka huo, na kila picha yake ilichorwa kwa nukta 1024 kwa 720 kisha ikavutwa ijaze kioo, hata kama una kioo kikubwa namna gani. Mwaustria mmoja, Peter Thoman, mtaalamu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Innsbruck anayejulikana kwa jina la Durante, alitoa siku ile ile kijiprogramu alichokiita DSfix, kikaufanya mchezo uchore kwa nukta zote za kioo chako.

Kilichofuata kinaonyesha ugumu wa kazi yenyewe. Mchezo uliandikwa ukitegemea picha 30 kwa sekunde. DSfix ilipokuja kuruhusu picha 60, mchezaji aliyeteleza kwenye ngazi aliweza kupitiliza sakafu na kudondoka chini ya dunia, maana hesabu ya mwendo wake ilikuwa imefungwa kwenye kasi ya picha. Mchezo wa konsoli ni kama suti iliyoshonwa kwa mwili mmoja: ukitaka mwingine aivae, huwezi kupunguza mikono tu, unafumua mshono mzima.

XSEED walikuwa na busara ya kumwita fundi huyo kabla mambo hayajaharibika. Trails of Cold Steel ilizaliwa mwaka 2013 kwenye PlayStation 3 na Vita, bila toleo la Windows la kuegemea. Durante alishughulika nayo, na ilipotoka Agosti 2017 ilikuwa na kitufe cha kuharakisha mwendo, kinachokuokolea saa nyingi katika mchezo mrefu namna ile, pamoja na sauti mpya za waigizaji kwenye maelfu ya mistari iliyokuwa kimya. Toleo la kompyuta likawa bora kuliko la asili.

Wakati huo wengine walikuwa wameshaingia. Ghostlight wa Uingereza walileta Agarest mwaka 2013, Idea Factory walileta Neptunia mwaka 2015, na NIS America wakaleta Disgaea mwaka 2016. Si wote waliofanya kazi safi. Ys VIII, chini ya NIS America, ilipangwa Septemba 2017 ikatoka Aprili 2018, nayo ikatoka na kasoro nyingi. Hata hivyo, Januari 2020 ilipata marekebisho makubwa kutoka kwa kampuni ya Durante, PH3, na naiheshimu hatua ile. Mchezo uliokwisha kuuzwa ni rahisi kuutelekeza.

Tafsiri za wapenzi nazo ziliendelea kuikamata kazi pale makampuni yalipoiachia. Kikundi cha kujitolea kiitwacho Geofront kilifasiri michezo miwili ya Falcom, Zero no Kiseki mwaka 2020 na Ao no Kiseki mwaka 2021. NIS America walikubaliana nao, wakaijenga juu ya kazi yao, na ikatoka rasmi mwaka 2022 na 2023, kwenye konsoli na kwenye kompyuta pia.

Na tarehe 19 Septemba 2025 Trails in the Sky ilitoka upya, imejengwa tena tangu chini. Ilitoka siku moja Japani na nje, kwenye konsoli na kwenye kompyuta. Hadithi iliyosubiri miaka saba kuvuka bahari kwa Kiingereza mara ya kwanza, na mitatu zaidi kufika Steam, safari hii haikumsubirisha mtu.