Mchezo wa ng'ombe na furaha ya vijiji vya Pemba

Wambaa ni kijiji cha Wilaya ya Mkoani, kwenye pwani ya magharibi ya Pemba, kinachoelekea mkondo wa bahari unaokitenga kisiwa na bara. Riziki ya sehemu hizi ni uvuvi, kilimo na karafuu, kazi zinazoumiza mgongo na mikono. Hata hivyo, kazi ilipopungua watu hawakujilaza tu. Walicheza, na mchezo uliovuma kuliko yote ni wa ng'ombe. Kengeja, iliyo katika wilaya hiyohiyo, ni miongoni mwa vijiji vinavyojulikana zaidi kwa mchezo huo, pamoja na Pujini, Chwale na Wingwi.

Kwa kawaida husemwa kuwa mchezo uliletwa na Wareno, waliotawala pwani hii tangu mwanzo wa karne ya 16 hadi Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipotekwa na Waomani mwaka 1698. Maelezo hayo yamekaririwa mno kuliko yalivyochunguzwa. Komoro nako watu hucheza na ng'ombe kwa ngoma, na nchini Madagaska vijana wa Kibetsileo hung'ang'ania nundu ya dume mpaka mmoja wao achoke. Inaelekea zaidi kwamba Pemba ni sehemu ya desturi pana ya Bahari ya Hindi, hata kama Wareno nao waliongeza la kwao.

Msimu wa mchezo ulifuata kalenda ya shamba, hasa ya karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya kwanza kwa zao hilo. Mavuno yalidai kupanda miti mirefu, kuchuma, kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo na kuanika. Yalipomalizika, nyakati za kaskazi kabla ya mvua za masika, nafasi ilipatikana. Vijiji vingine viliufungamanisha mchezo na kuomba mvua.

Ng'ombe dume mwenye nundu hufungwa kamba ndefu na kuletwa uwanjani, ambako zumari na ngoma zimekwisha kuanza. Mchezaji humkabili akiwa na kitambaa tu. Humchokoza, humvuta karibu, kisha huruka pembeni pembe zinapomfikia. Aliyebanwa hukimbilia mti, na umati hupiga kelele. Dume hauawi. Mchezo ukiisha hurudi kwa mwenyewe, na akicheza vizuri husifiwa kijiji kizima.

Hakuna anayelazimishwa kuingia uwanjani, na hapo ndipo ilipo nguvu ya desturi hii. Kijana huanza kwa kutazama, akajifunza jinsi dume anavyoinamisha kichwa kabla ya kushambulia, halafu siku moja akaamua mwenyewe. Hofu haimwondoki, lakini hujifunza kwenda nayo. Wanawake huimba, wakiwasifu mashujaa na kuwakejeli waoga, na sauti zao humpa moyo yule ambaye miguu inamtetemeka. Ingekuwa kosa kuwahesabu kuwa watazamaji tu, kwa sababu uwanja usio na nyimbo hupoa upesi.

Furaha ya mwili haikuishia kwa ng'ombe. Katika ngoma ya msewe wanaume hufunga njuga za majani makavu miguuni na kukanyaga kwa pamoja, na kirumbizi ni mchezo wa fimbo unaodai wepesi wa mkono na jicho. Wavuvi nao walishindana kwa ngalawa. Michezo yote hii ilifanywa hadharani, pamoja na jirani, kwa mdundo mmoja.

Siku hizi maradhi ya kisukari na shinikizo la damu yamewafanya Wazanzibari wengi kurudi kwenye harakati za mwili kwa njia nyingine. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Vikundi vya mazoezi ya viungo vimeenea Unguja na Pemba. Watu hujiunga navyo kwa hiari, hukimbia alfajiri wakiimba, na kila tarehe 1 Januari hukutana kwa siku ya mazoezi ya kitaifa. Mchezo wa ng'ombe nao ungali hai vijijini, na huchezwa pia kwa ajili ya sherehe na wageni.