Timba si Salsa ya Havana

Tarumbeta zikilia kwa mpangilio, tumba zikijibizana na waimbaji wakipokezana Kihispania, wengi wetu husema hiyo ni salsa. Wapigaji wakiwa Wakuba, basi ni "salsa ya Cuba". Jina hilo linaficha mengi. Muziki uliotikisa kumbi za Havana katika miaka ya 1990, ambao wapenzi wake wanauita timba, una shina moja na salsa, lakini haukupitia kwenye salsa kufika ulikofika.

Shina hilo ni son, muziki wa mashariki ya Cuba uliohamia Havana mwanzoni mwa karne ya 20. Afrika Mashariki tunaufahamu kwa sikio kuliko kwa jina. Santuri za G.V. zilizoanza kuuzwa barani Afrika miaka ya 1930 zilijaa nyimbo za namna hiyo, na Salum Abdallah wa Morogoro hakuiita bendi yake Cuban Marimba bure. Miaka ya 1940 Arsenio Rodríguez, kipofu aliyepiga tres, gitaa la Kikuba, aliipanua bendi ya son: akaingiza tumba na piano, akaongeza tarumbeta, na akaipa nguvu sehemu ya mwisho ya wimbo ambapo kiongozi na waitikiaji hupokezana. Sehemu hiyo huitwa montuno. Anayetaka kujua salsa na timba zimeachana wapi, aanzie hapo.

Mwaka 1959 mapinduzi yalishinda Cuba, na mwaka 1962 Marekani ikaiwekea vikwazo vya biashara. Njia ya muziki kati ya Havana na New York ikazibwa. Wapuertoriko wa New York, pamoja na Wakuba waliokuwa ng'ambo na wengine wa visiwa vya jirani, wakaendelea na urithi uliokuwa mikononi mwao. Mwaka 1964 Johnny Pacheco, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, na wakili Jerry Masucci walianzisha kampuni ya Fania, na humo ndimo salsa ilipopata jina na soko. Nyimbo kadhaa za Kikuba zilirekodiwa upya, na mahali pa jina la mtunzi pakaandikwa herufi mbili tu, D.R., yaani haki zimehifadhiwa. Wanamuziki wengi wa Havana walikasirika, na kwa haki. Walisema salsa ni son iliyobadilishwa nguo.

Hata hivyo, kuishia hapo ni kuwaonea watu wa New York. Ukali wa tromboni za Willie Colón, visa vya mitaani alivyovisimulia Rubén Blades, yale yote yalitoka kwenye maisha ya wahamiaji, si kwenye santuri za zamani. Fania All Stars, bendi ya nyota wa kampuni hiyo, walipopanda jukwaani Kinshasa mwezi Septemba 1974, mwimbaji Celia Cruz akiwa nao, walikuwa na sauti yao wenyewe. Lakini sauti hiyo ilisimama juu ya uthabiti. Katika salsa besi hutangulia pigo la kwanza na kushikilia mwendo huohuo. Piano hurudia fungu fupi la noti. Mpiga timbales hugonga kengele yake montuno inapoanza, na mchezaji anajua atakanyaga wapi mpaka wimbo uishe. Katika miaka ya 1980, salsa romántica ilipotawala redio, uthabiti huo ulilainishwa zaidi.

Cuba ilikwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1962 serikali ilifungua Escuela Nacional de Arte, na vijana wa mitaa maskini, wengi wao weusi waliokulia kwenye rumba ya Kikuba na ngoma za Santería, dini ya Kikuba yenye asili ya Afrika, wakafundishwa bure Bach, Stravinsky na harmonia. Juan Formell alianzisha Los Van Van mwaka 1969, akachanganya fidla na filimbi za charanga na gitaa la besi la umeme, na mpiga dramu Changuito akaukomaza mdundo wake. Mtindo huo waliuita songo. Mwaka 1973 Chucho Valdés aliunda Irakere, bendi iliyoweka ngoma za batá kando ya jazz. Kisha mwaka 1983 Oscar D'León wa Venezuela alizuru kisiwa hicho akiimba nyimbo za Kikuba za zamani, na vijana waliokuwa wameziona za wazee wakamshangilia. Mgeni ndiye aliyewarudishia cha kwao.

Mpiga filimbi José Luis Cortés, aliyepitia Los Van Van na Irakere, alianzisha NG La Banda mwaka 1988. Wengi husema hapo ndipo timba ilipozaliwa.

Sasa turudi kwenye montuno. Clave, kile kiunzi cha vipigo vitano kinachoongoza muziki wote huu, katika salsa kwa kawaida ni clave ya son. Timba hupenda clave ya rumba, ambayo kipigo chake cha tatu huchelewa kidogo, na ucheleweshaji huo mdogo huvuta kila chombo. Mpiga piano harudii fungu la kuazima. Kila wimbo una fungu lake, refu na lenye kona, kama yale ya Iván "Melón" Lewis alipokuwa na mwimbaji Issac Delgado. Halafu kiongozi hutoa ishara kwa mkono. Besi inaacha mwendo wake, tumba na dramu zinapiga mapigo machache mazito, piano peke yake inabaki kushika wakati huku waimbaji wakipiga kelele za kiitikio kipya. Ishara nyingine, na besi inarudi, sasa si kwa noti bali kwa kuteleza na kupigwa nyuzi kwa kiganja, na ukumbi unalipuka. Hatua hizi wanamuziki wanazipa majina: marcha, masacote, presión, bomba. Aliyezoea dansi ya kwetu ataelewa haraka akikumbuka chemko inavyoingia wimbo ukishakolea. Ila katika timba chemko ni nyingi, zinakuja na kuondoka, na hakuna anayejua leo zitapangwaje. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Si kasi, wala si kelele.

Wachezaji nao walibadilika. Casino, dansi ya wawili iliyozaliwa katika kumbi za Havana miaka ya 1950, huzungukazunguka badala ya kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja kama salsa ya New York. Bomba ikiingia, wawili huachiana, na mwanamke hucheza kiuno peke yake. Hiyo ndiyo despelote.

Muungano wa Kisovieti ulipoanguka, Cuba ikaingia katika dhiki iliyoitwa Kipindi Maalumu: umeme ukakatika, chakula kikaadimika, na mwaka 1993 raia wakaruhusiwa kumiliki dola. Watalii wakajaza Palacio de la Salsa katika hoteli ya Riviera, ambako kiingilio kilikuwa cha dola, huku wenyeji wakijazana katika ukumbi wa La Tropical. Timba iliimba yaliyokuwa yakitokea kati ya kumbi hizo mbili: msichana anayetafuta mwanaume mwenye fedha, jirani anayetamba kwa viatu vipya, orisha, miungu ya Santería, wanaoombwa hadharani. Wakubwa hawakupenda. Mwaka 1997 bendi ya La Charanga Habanera ilifungiwa kwa miezi sita baada ya onyesho lake kwenye tamasha la vijana duniani.

Jina la salsa liliendelea kuwafuata wanamuziki wa timba hata hivyo, maana ndilo lililouzika nje. Manolín, daktari aliyegeuka mwimbaji, alijulikana kama El Médico de la Salsa. Los Van Van walipotwaa Grammy mwaka 2000, walipewa katika kipengele cha salsa. Formell alifariki mwaka 2014 na Cortés mwaka 2022, lakini Los Van Van bado wanapiga chini ya Samuel, mwanawe Formell, na tarumbeta ya Alexander Abreu, kiongozi wa Havana D'Primera, inaendelea kuwajaza watu ukumbini.