Mguu wa bibi na sukari yangu

Jamani, nilikaa siku tatu bila kumwambia mtu. Nilipimwa asubuhi kabla ya kula, sukari ikasoma 8.1, daktari akasema nirudi Jumatatu nipimwe tena ndipo tuwe na uhakika. Nikatoka pale nikatembea mpaka Kariakoo huku natazama miguu ya watu. Wenye kandambili, wenye yeboyebo, mzee mmoja anasukuma mkokoteni pekupeku. Kweli nawaambia, sikuona sura ya mtu siku ile.

Kwetu sukari maana yake ni mguu. Bibi yangu alikatwa wa kulia mwaka 1999. Sisi wajukuu tuliokuwa tukilala naye chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu tukajua kwamba ugonjwa huu ukishaingia una mwisho mmoja tu. Hofu hiyo ndiyo iliyonirudia. Sasa kazi yangu ni kuuliza maswali, basi badala ya kulala nikihesabu vidole, nikaanza kusoma.

Hofu ya wazee wetu haikuwa ujinga. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, lakini miaka sitini baadaye hapa kwetu bado watu walikufa kwa kuikosa. Kuanzia mwaka 1981 Profesa Donald McLarty na wenzake, akiwemo Dk. Andrew Swai, waliandikisha wagonjwa wapya wa kisukari pale Muhimbili, ndani ya wilaya yetu hii hii ya Ilala. Mpaka mwaka 1987 walifika 1,250. Matokeo yalichapishwa Uingereza mwaka 1990: kati ya waliohitaji insulini, baada ya miaka mitano walikuwa hai kama 71 katika kila 100. Mwaka 1992 kundi hilo hilo likatoa makala nyingine kuhusu gharama za matibabu, na kichwa chake kilikuwa swali: je, ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua Afrika?

Jibu lenyewe, kwa upande wa madhara ya baadaye, lilipatikana kwa wagonjwa wa Uingereza. Utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1977, wenye wagonjwa zaidi ya 5,000 wa kisukari cha ukubwani, ulitoa majibu mwaka 1998. Waliodhibiti sukari kwa nguvu zaidi walipunguza madhara ya mishipa midogo, ya macho na figo, kwa robo hivi. Mwaka mmoja kabla ya mguu wa bibi! Habari hiyo haikufika Mtaa wa Sikukuu.

Halafu nikakuta makala ya mwaka 2005 ya Dk. Zulfiqarali Abbas wa Muhimbili na wenzake. Inahusu panya. Wagonjwa wa kisukari hapa nchini, ambao miguu yao imekufa ganzi, wanang'atwa na panya usiku wakiwa wamelala wala hawashtuki. Nikaweka karatasi chini. Bibi alikuwa akisema kidonda chake kilitokea chenyewe usiku. Ukoo mzima ukasema kalogwa, na jirani mmoja alitajwa kwa jina. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa panya. Ila chumba kile nakijua, na panya wa Kariakoo nawajua.

Ninachokijua kwa hakika ni kwamba alikificha kidonda kile wiki kadhaa chini ya khanga, kwa sababu aliogopa kukatwa. Alipopelekwa hospitali hakukuwa na cha kuokoa.

Miaka michache baadaye Dk. Abbas na wenzake wakaanzisha mpango wa Hatua kwa Hatua: daktari na muuguzi kutoka hospitali za mikoani wanafundishwa pamoja kukagua miguu, kusafisha vidonda mapema, kumwelekeza mgonjwa juu ya viatu na kucha. Mambo ya kawaida kabisa. Na kukatwa miguu kukapungua.

Jana usiku nikamwambia mama. Nilidhani atalia. Aliniambia nivue soksi, akakaa chini sakafuni, akawasha tochi ya simu akaangalia unyayo mmoja, kisha wa pili, mpaka katikati ya vidole. Kisha akanigusa kisigino na ncha ya kalamu.

"Unasikia?"

Nasikia, mama.