Nauli ya Senti 5 na Kuanguka kwa Tramu za Marekani

Mwaka 1949 mahakama ya shirikisho mjini Chicago iliitia hatiani General Motors, pamoja na Firestone, Standard Oil of California, Phillips Petroleum na Mack, kwa kula njama ya kuhodhi biashara ya kuziuzia mabasi, matairi na mafuta kampuni za usafiri zilizokuwa chini ya National City Lines. Kila kampuni ilitozwa faini ya dola 5,000, na maofisa wao dola 1 kila mmoja. Kutokana na hukumu hiyo, na hasa baada ya wakili Bradford Snell kuwasilisha ripoti yake mbele ya Seneti mwaka 1974, ilizoeleka kusemwa kwamba wenye viwanda vya magari ndio walioziua tramu za Marekani. Filamu ya Who Framed Roger Rabbit ya mwaka 1988 ikayafikisha madai hayo hata kwa watoto. Simulizi ni tamu: mna mwizi, mna mali iliyoibwa, na mna hakimu aliyecheka na nyani.

Hukumu yenyewe, hata hivyo, haisemi hivyo. Katika shitaka la kutaka kuhodhi usafiri wa mijini, washitakiwa waliachiwa huru. Kosa lililowatia hatiani ni la kuwafungia mlango wauzaji wengine. Miaka nayo haioani na madai hayo. Reli za umeme za mijini na za kati ya miji zilifikia kilele chake karibu na mwaka 1917, zikiwa na urefu wa takriban kilometa 70,000, kisha zikaanza kupungua. National City Lines iliundwa mwaka 1936. Anayetaka kujua tramu zilianza kuugua lini hana budi kusoma mikataba ambayo kampuni zilitia saini na halmashauri za miji miongo kadhaa kabla ya hapo.

Frank Sprague alipofanikiwa kuendesha mtandao mzima wa tramu za umeme mjini Richmond, Virginia, mwaka 1888, wawekezaji walimiminika, na katika muda mfupi farasi waliokuwa wakikokota mabehewa wakaondolewa karibu kila mahali. Lakini hakuna aliyeweza kutandika reli mtaani bila kibali cha halmashauri, na kibali kilikuja na masharti. La kwanza lilikuwa nauli: senti 5, mara nyingi kwa miongo kadhaa, bila kujali umbali. Wakati wa kutia saini, sharti hilo halikumtisha mtu, kwani bei za vitu zilikuwa zikishuka na senti 5 ilikuwa fedha ya kutosha. Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Kati ya mwaka 1914 na 1920 bei zilipanda karibu maradufu. Chuma, makaa ya mawe na mishahara vikapanda, nauli ikabaki pale pale. Mwishoni mwa mwaka 1918 kampuni kubwa ya Brooklyn iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama, na mwaka uliofuata Rais Woodrow Wilson aliunda tume ya kuchunguza hali ya tramu nchi nzima.

Sharti la pili halitajwi sana, ingawa kwa maoni yangu ndilo linalofundisha zaidi. Kampuni ilitakiwa kutengeneza na kukarabati sehemu ya barabara iliyo kati ya reli zake, pamoja na ukanda wa kila upande. Enzi za farasi sharti hilo lilikuwa la haki, kwa sababu kwato ndizo zilizochimba njia. Farasi waliondoka, kifungu kikabaki. Mtu mwenye Ford yake alipita juu ya barabara iliyotengenezwa kwa nauli za abiria wa tramu, akasimama mbele ya tramu hiyo hiyo kugeuza, na kampuni ikadaiwa gharama za ukarabati. Basi halikudaiwa reli wala lami. Mwenye hesabu zake hakuhitaji kushawishiwa na General Motors ili kulipenda.

Kwa nini basi wanasiasa hawakuruhusu nauli ipande? Kwa sababu kampuni zilichukiwa, na si bila sababu. Mjini Chicago, Charles Yerkes alijulikana kwa kuwahonga madiwani ili apate vibali. Los Angeles, Henry Huntington alijenga reli ili ziongeze thamani ya viwanja alivyokuwa akiviuza; viwanja vilipokwisha kuuzwa, reli ikabaki na abiria bila faida. Diwani aliyeilinda senti 5 alikuwa mtetezi wa wanyonge, na kura hazikumpita mbali. Kisha sheria ya mwaka 1935 juu ya kampuni mama za huduma za umma ikachangia kuzitenganisha kampuni za umeme na tramu, na ruzuku ya ndani iliyokuwa imezibeba tramu nyingi ikapungua.

Upande wa barabara, mfano ulio wazi ni wa Los Angeles, Aprili 1920. Halmashauri ilipiga marufuku kuegesha magari katikati ya mji mchana. Tramu zikaanza kwenda kwa ratiba. Wafanyabiashara wakalalamika kwamba wateja wametoweka, mwigizaji Clara Kimball Young akaongoza msafara wa magari kupinga, na baada ya wiki chache tu marufuku ikapunguzwa hadi saa za msongamano wa jioni. Mji ulikuwa umepima wazi faida ya kuitengea tramu nafasi, ukaikataa.

Wanaoshikilia njama wana kazi ya kueleza Detroit. Huko tramu zilikuwa mali ya mji wenyewe tangu mwaka 1922, si za National City Lines, na bado ya mwisho ilitembea mwaka 1956. Tramu zenyewe zikauzwa Mexico City. New York, meya Fiorello La Guardia mwenyewe alizitaka ziondoke. Kwa upande mwingine, ukitazama zilizonusurika utaona jambo moja likijirudia: Boston ilikuwa na njia ya chini ya ardhi tangu mwaka 1897, San Francisco handaki la Twin Peaks tangu 1918, Newark njia yake ya pekee tangu 1935, nayo New Orleans ukanda wa nyasi katikati ya barabara ya St. Charles. Penye nafasi ambayo gari binafsi halikuweza kuingia, tramu iliishi.

Kipingamizi kizito kwa hoja hii kinatoka ng'ambo ya mpaka. Toronto tramu zake nyingi zinachanganyika na magari barabarani, na bado zipo. Huko usafiri ulikuwa mikononi mwa umma tangu mwaka 1921, na wakuu walipopanga kuziondoa, wakazi walipinga hadi mpango ukatupwa mwaka 1972. Kwa hiyo barabara ya kuchangia haikuwa hukumu ya kifo peke yake. Iliua hasa pale ilipokutana na kampuni iliyofungwa mikono na mkataba wake. Wala mashine hazikuwa mbovu. Sehemu ya tramu zilizoendelea kubeba abiria wa Toronto zilinunuliwa zikiwa zimetumika, kutoka Cincinnati, Birmingham na Kansas City, miji iliyokuwa ikizitupa.