Keko Haikuota Yenyewe

Kati ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Kilwa, mwendo mfupi kutoka bandarini, ipo mitaa kadhaa inayobeba jina moja: Keko Mwanga, Keko Juu, Keko Magurumbasi, Keko Machungwa. Kwa Watanzania wengi jina hilo huleta mambo mawili, gereza la mahabusu na samani. Wataalamu wa mipango miji huongeza la tatu: makazi holela. Maana yake ni kwamba watu walikuja tu, wakajenga kila mmoja alipopenda, na serikali ikakuta maji yameshamwagika. Maelezo hayo hayalingani na ushahidi. Keko ilijengwa kwa sababu bandari, reli na viwanda vilihitaji watu wa kufanya kazi, tena karibu, huku waliowahitaji hawakuwa tayari kuwatafutia pa kulala. Mzigo wa kujenga ukabebwa na wakazi wenyewe, na mji mzima umekula matunda ya mzigo huo.

Kabla mji haujafika, upande huu ulikuwa nchi ya Wazaramo, mashamba ya mihogo, minazi na miembe. Sultani Majid alianza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, Wajerumani wakaifanya makao makuu mwaka 1891, na reli ya kati ikaanza kutandikwa mwaka 1905. Wakoloni, Wajerumani na kisha Waingereza, waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi: nyumba za Wazungu upande wa bahari, za Wahindi kwenye maduka, na za Waafrika Kariakoo na baadaye Ilala. Keko ilibaki pembezoni. Huko mtu alipata pa kujenga kwa kuelewana na mwenye shamba, akamlipa, kisha akasimamisha nyumba ya miti na udongo. Mashahidi walikuwepo na masharti yalikuwepo. Kilichokosekana ni mpima ardhi.

Kwa nini mtu aende Keko asiende kwingine? Jibu liko gatini. Kwa miaka mingi makuli wa Dar es Salaam waliajiriwa kwa siku. Meli ikiingia waliitwa, isipoingia walirudi nyumbani mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa mbali, kwa kuwa anayechelewa alfajiri amekosa riziki ya siku hiyo. John Iliffe, katika utafiti wake wa mwaka 1970 kuhusu makuli wa bandari hii, ameonyesha jinsi hali hiyo ilivyozaa migomo ya 1939, 1943 na 1947. Mgomo wa 1947 ulianzia bandarini, ukaingia kwenye reli, ukasambaa hadi bara, na chama cha makuli kikazaliwa, ambacho Abdulwahid Sykes alikuwa katibu wake mwaka 1948. Kikafutwa baada ya vurugu za 1950. Tunaikumbuka migomo hii kama hatua kuelekea uhuru, na ni kweli. Lakini tujiulize pia wagomaji walirudi kulala wapi. Mshahara waliougomea haukutosha chakula, sembuse kodi ya nyumba ya mke na watoto. Vijiji vya kandokando ya mji, Keko kikiwamo, ndivyo vilivyouziba upungufu huo, kwa sababu chumba huko kilikuwa nafuu na mke aliweza kulima kidogo au kupika vitumbua vya kuuza.

Serikali ya kikoloni ililijua jambo hili. Sensa ya 1948 ilihesabu watu wapatao 69,000 mjini. Ya 1957 ikahesabu zaidi ya 128,000. Magati ya maji marefu yalifunguliwa mwaka 1956, na viwanda vikajipanga kando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni ya Nyerere. Viwanja vilipimwa Temeke na Magomeni, lakini idadi yake haikufukuzana na watu. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali aliyefanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika mjini mwaka 1956 na 1957, alikuta watu wengi wamepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Baadhi ya wenye nyumba walikuwa wanawake, waliojipatia kwa njia hiyo kipato ambacho hakuna kiwanda kingewapa. Kwa mpango huo, mgeni kutoka Rufiji au Kilwa alipata pa kufikia siku ileile aliyoshuka garini.

Wapo watakaosema ninapamba umaskini. Watauliza habari za maji ya mvua yanayotuama uani, gari la zimamoto lisilopata pa kupita, vyoo vya shimo vinavyofurika masika. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi, kwa kuwa watoto wameugua na wengine wamekufa kwa ajili ya hayo. Ila inathibitisha kitu kingine. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni na ya Keko zilifanana ramani, na wenyeji wake walikuwa watu wa hali moja. Walitofautiana kwa kuwa Magomeni ilipimiwa barabara kabla ya ujenzi, na Keko haikupimiwa. Mfereji na barabara ni kazi ya mamlaka ya mji, haviwezi kujengwa na kuli kwa ujira wa siku. Wengine watasema sheria ilivunjwa, maana tangu 1923 ardhi yote ilikuwa chini ya Gavana. Lakini sheria hiyohiyo ilitambua ukaaji wa kimila, na aliyenunua mnazi na shamba kwa Mzaramo hakuwa mvamizi.

Baada ya uhuru kazi ziliongezeka. Kiwanda cha dawa cha Keko kilianzishwa mwaka 1968, na viwanda vya Chang'ombe viko jirani. Na wakazi wakajiundia kazi yao, useremala, unaowaleta wateja kutoka kila kona ya jiji. Kazi imegawanywa: huyu anapiga randa, yule anachonga miguu ya kitanda, mwingine anaunga, mwingine anapiga msasa, wa mwisho anapaka vanishi au kuvalisha kochi sponji na kitambaa. Kijana asiye na mtaji huanza na msasa. Mninga na mkongo huingia asubuhi ikiwa mbao na kutoka siku chache baadaye ikiwa kabati. Karakana za namna hii zinategemea uholela unaolaumiwa: mtu anaishi chumba cha nyuma, anafanya kazi mbele, na jirani yake ndiye mwenye mashine ya kuranda.

Sheria ya Ardhi ya 1999 ilifungua mlango wa leseni za makazi, na miaka michache baadaye nyumba za maeneo kama haya zikaanza kuandikwa. Ni hatua, ingawa leseni ni ya muda mfupi, wakati hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kwa familia iliyokaa vizazi vitatu, tofauti hiyo inaumiza, hasa pale mnunuzi mwenye fedha anapokuja kutafuta uwanja wa ghala. Ushahidi wa kudai zaidi upo ndani ya masanduku ya nguo: karatasi za mauziano zilizoandikwa kwa mkono, zenye majina ya majirani na sahihi ya mjumbe wa nyumba kumi. Manispaa ya Temeke ingeweza kuanza kuzinakili sasa, mtaa kwa mtaa, wakati wazee waliozishuhudia bado wapo kuzitolea maelezo.